Mlinzi Aliyekuwa Akizima Mashine

Karakana yetu ya Mkuyuni ilikuwa na lugha yake, na lugha hiyo iliwahi kumtoa mtu kazini. Nasema lugha, sisemi mtu, kwa sababu nimejaribu mara nyingi kugawa lawama za jambo lile kwa haki, na kila nikigawa hazigawanyiki. Nina tabia ya kuandika mambo ya siku kila jioni. Ukurasa wa wiki ile nimeufuta na kuuandika upya mpaka karatasi imetoboka, na bado sina hakika kama nimewatendea haki wote. Najaribu tena.

Sikusoma sana. Nilimaliza darasa la saba, nikajifunza ufundi wa majokofu na viyoozi ndani ya shirika la umma, mpaka shirika lilipopunguza watu, nasi tukapungua. Nasema sisi kwa sababu nilitoka na mwenzangu, mtu aliyenizidi umri na ufundi, Mjita wa upande wa Musoma. Alikuwa na maneno machache, na hayo machache alipenda kuyatengeneza mwenyewe. Zilikuwa zama za ruksa, kila bidhaa inaruhusiwa kuingia nchini. Viyoozi vilivyokwisha kutumika Ulaya na Uarabuni vilikuwa vinashushwa mjini kama mitumba, maandishi yake ya Kijerumani, au ya Kijapani, au yamefutika kabisa. Ili tuelewane, mwenzangu alivipa viungo vyake majina. Kontakta ile inayounganisha umeme aliiita mshenga, maana inakutanisha pande mbili kisha inakaa pembeni inagonga ulimi. Bomba la kutoka kwenye kompresa, lenye moto wa kuunguza, aliliita mkwe. Halishikwi hovyo.

Na kile kiboksi cheusi kinachokaa chini ya kifuniko cha kompresa alikiita mlinzi.

Jina lilimfaa. Ndani ya nyaya za mota kuna sensa ndogo kama punje za mtama. Mota ikichemka, sensa zinampelekea mlinzi habari, naye anakata umeme kabla mota haijaungua. Ikipoa, anairuhusu tena. Basi ukikuta mashine imezima na haitaki kuwaka, una swali moja tu la kujibu: mlinzi anasema kweli, au mlinzi ni mgonjwa? Unaiacha mota ipoe, unapima sensa kwa mita. Sensa zikiwa nzima, na mlinzi anapata umeme wake, na bado amekataa kufungua njia, mgonjwa ni yeye. Unambadilisha. Mikono haipati shida. Shida iko kwenye kuamua, na mimi sijawahi kuzoea kuamua.

Mwalimu wangu wa darasa la tano angetuonya. Kiswahili ukikipa kitu jina la mtu, kinakwenda nacho kama mtu: analala, anachoka, anabadilishwa. Tungekiita kilindio, hata kama si neno, pasingetokea lolote.

Hoteli yenyewe ilikuwa barabara ya ziwani, jengo lililokuwa la umma na sasa lina mwenyewe. Mwenyewe huyo alikuwa na sauti kubwa na viatu vinavyolia, tukamwita mzee ingawa nadhani tulilingana. Aliweka kiyoozi kikubwa kwenye ukumbi wa sherehe, mashine ya nje ikakaa uani nyuma ya jengo. Mji mzima ulitaka kuolewa ndani ya baridi ile. Kisha mashine ikaanza kuzima kila jua linapozama. Ilizima kwenye harusi mbili mfululizo, na ile ya pili keki ya ghorofa iliinama taratibu upande wa meza ya wakwe, watu wakasema ni ishara.

Tulikwenda asubuhi, mota imepoa. Mwenzangu akapima. Sensa nzima, umeme unafika, mlinzi amekaa kimya. Akapima tena, akanipa na mimi nikapima, nikapata vilevile. Mzee hakuwepo. Alikuwepo katibu wake, mama mmoja wa kanisani, mwenye sifa ya kufikisha ujumbe bila kuongeza wala kupunguza.

"Mwambie mzee tatizo ni mlinzi," mwenzangu akamwambia.

"Mlinzi?"

"Mlinzi. Ndiye anayezima mashine jioni. Amechoka, anasinzia kazini, akizinduka anakata tu umeme. Huyu hafai. Tunaagiza mwingine Dar, anakuja na treni."

"Mashine haina kosa?"

"Mashine haina kosa hata kidogo. Ni mlinzi."

Mimi nilikuwa nakunja waya. Mama aliponitazama, nikaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo ninaposhindwa kugawa lawama. Mama alipeleka neno kwa neno. Mwenzangu alisema kweli tupu. Mzee alisikia Kiswahili fasaha.

Treni ilichelewa kama kawaida yake, na mlinzi mpya akafika akiwa kwenye boksi la biskuti, amezungushiwa magazeti. Tukaenda naye hotelini. Nje ya geti, kwenye jiwe, alikuwa amekaa mlinzi wa hoteli, baba mmoja wa Kisesa, ana furushi miguuni na rungu mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, lakini haikuwa marahaba ya siku zote. Akatazama nyuma yetu, kulia na kushoto. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenzangu wa Dar. Nimesikia mmekwenda kumpokea stesheni."

Mwenzangu akahamishia boksi mkono wa pili.

"Wameniambia nitoke, nisiludi tena," akaendelea. "Sawa. Lakini rungu ni la hoteli, siwezi kuliacha balabalani. Nataka nimkabidhi mkononi. Nataka pia nimwone. Kisesa nzima, Magu nzima, hakuna mtu wa kushika rungu mpaka aletwe na treni? Ni mrefu?"

Mwenzangu alitazama boksi la biskuti. Na mimi nikalitazama. Nilianza kuelewa.

"Yuko humu," mwenzangu akasema.

Yule baba akalitazama boksi kwa muda. "Mmemfanya nini?" akauliza.

Tulimweleza pale pale, tukafungua magazeti, tukamwonyesha kiboksi chenye miguu yake ya waya. Alikigeuzageuza. Akauliza kama hicho nacho kinalipwa. Alipokwisha kuelewa hakucheka, na nilimwona ana haki ya kutocheka. Alikuwa na watoto shuleni, na umri wake haukuwa wa kuanza kubisha hodi kwenye mageti ya watu. "Sasa mwende mkamwambie yeye," akasema. "Mimi nimeshaelewa, na sina kazi."

Tukaingia ofisini. Nilitangulia mimi, sijui kwa nini.

"Mlisema mlinzi anazima mashine," mzee akaanza.

"Ndiyo, mzee, ila si mlinzi mtu."

"Mlisema amechoka."

"Tulisema."

"Mlisema anasinzia kazini. Yule anasinzia. Nimemkuta mimi mwenyewe."

"Anasinzia, mzee, hilo sikatai," nikasema, na mwenzangu akanikanyaga mguu. Lakini kweli alikuwa anasinzia. Tuliwahi kupiga hodi pale mpaka mbwa wa jirani akatusaidia.

Nikaona neno ndilo linalotuponza, nikatafuta lingine. "Mzee, tuache mlinzi. Tuseme ni kinga. Ile kinga ya zamani imechakaa, haizuii tena. Tumekuja na mpya, ni kuivalisha tu na kazi inaendelea."

Mama katibu alivua miwani. Miaka ile ya Ukimwi neno kinga lilikuwa limebandikwa kwenye kuta za kila zahanati, na lilikuwa na maana moja.

"Ndani ya hoteli yangu?" mzee akauliza.

"Afadhali mrudi kwenye mlinzi," mama akasema akiangalia meza.

Mwenzangu akaweka kiboksi mbele ya mzee bila kusema neno, na hicho ndicho kilichosaidia. Mzee alikiinua, akakitikisa karibu na sikio. Si mtu mbaya, nataka hilo liandikwe. Lakini alikuwa amemtoa mtu mbele ya wafanyakazi wote, na kurudi nyuma kulimwia vigumu.

"Sikilizeni. Jumamosi ni harusi ya mtoto wa dada yangu. Fungeni hicho kidude chenu. Mashine ikimaliza harusi bila kuzima, yule baba anarudi getini, nami nitamtaka radhi hadharani. Ikizima hata mara moja, anarudi Kisesa, na nyinyi mpande naye gari moja."

Basi kibarua cha mtu kikawa kinaning'inia kwenye boksi la biskuti.

Tulizima umeme kwenye ubao mkubwa, mwenzangu akatia fyuzi mfukoni ili asitokee mjanja wa kuurudisha. Tukafungua kifuniko cha kompresa. Kabla ya kuchomoa waya wowote nilifunga kila mmoja kipande cha uzi wa rangi yake, maana sijiamini. Mwenzangu alicheka uzi wangu, kisha akautegemea. Tukamtoa wa zamani, tukamweka mpya, tukakaza skrubu, tukapima sensa mara nyingine. Tukawasha. Mshenga akagonga ulimi, kompresa ikanguruma, baridi ikaenda ukumbini. Ikafanya kazi mchana wote. Yule baba alituchungulia kupitia kwenye nyufa za geti, nikampungia mkono wa heri.

Jua lilipozama, ikazima.

Nilimtazama mwenzangu. Mwenzangu alikitazama kiboksi kipya kama mtu aliyesalitiwa na shemeji.

"Naye huyu anazima," akasema.

"Labda nilikosea waya."

"Hukukosea. Uzi wako nimeufuata mwenyewe." Akafungua mkoba, akatoa kipande kifupi cha waya. "Tumruke."

Kumruka mlinzi ni kupitisha umeme pembeni yake, mashine iende bila kumwuliza mtu. Mafundi wengi wa mji walikuwa wanafanya hivyo, na kompresa zao tulikuwa tunaziona Nyakato kwenye vyuma chakavu, zinanuka kuungua.

"Harusi yenyewe ni ya saa chache tu," mwenzangu akasema. "Baba wa watu anarudi kazini. Jumapili tunakuja tunautoa waya."

Nitasema ilivyokuwa. Sikumpinga kwa ujasiri. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi, na huenda alikuwa sahihi, na pia nilikuwa namtaka yule baba arudi. Nilisema tu kwamba nimebanwa na haja ndogo, ngoja nizunguke nyuma ya mashine. Na kweli nilikuwa nimebanwa.

Nyuma ya mashine sikufanya nilichoendea.

Pale ukutani, kwenye msumari, ilikuwa imening'inizwa taa, inawaka vizuri kabisa, juu ya rejeta ya mashine, ile inayotolea joto. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka kwenye maji kama moshi wa shamba lililochomwa, walikuwa wameijia taa ile kwa mamilioni. Feni ya mashine ilikuwa inavuta hewa upande ule ule. Wadudu wakija kwenye mwanga, wananyakuliwa na upepo, wanabandikwa kwenye rejeta. Rejeta yote ilikuwa imevaa blanketi jeusi lenye unyevu. Nilisukuma kidole, kikazama. Mashine haikuwa na pua ya kupumulia. Mota ilichemka, na mlinzi mpya, siku yake ya kwanza kazini, alisema kweli.

Chini, kwa usafi mkubwa, gunia lilikuwa limetandikwa.

"Umewaona?" sauti ikasema nyuma yangu. Alikuwa yule baba. Alikuwa ametolewa kazini, lakini kila jioni alikuwa anaingia kwa mlango wa jikoni kuwasha taa, maana alisema rungu bado halijakabidhiwa. "Mashine inawavuta yenyewe. Zamani nilikuwa nawasha kule getini, napata viganja viwili. Tangu nimehamishia hapa, alfajiri nakung'uta gunia zima."

"Wa nini, baba?"

Akanipeleka kwenye banda dogo nyuma ya jiko. Kuku wake walikuwa wamelala, wanene, wamebanana kama abiria wa meli ya Ukerewe.

"Hawajui pumba," akasema kwa majivuno.

Nilirudi kwa mwenzangu nikamweleza. Akarudisha waya mkobani, akakaa juu ya ndoo. Kwanza nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka.

"Kwa hiyo mlinzi ndiye anayezima mashine," akasema alipopata pumzi.

"Usiseme hivyo."

"Nilimwambia yule mama tangu siku ya kwanza."

Tulimweleza na yule baba. Akaenda mwenyewe kuishusha taa. Kesho yake tuliosha rejeta kwa mpira wa maji na sabuni mpaka ikaonekana rangi yake, ambayo hakuna aliyekuwa anaikumbuka. Tukaijaribu mashine jioni nzima, taa ikiwa imezimwa, nayo haikukata. Kuhusu mlinzi wa zamani, tulimpima tena karakanani na alikuwa mgonjwa kweli. Labda aliugua kwa kupiga kelele kila jioni bila kusikilizwa. Mpaka leo sijui.

"Sasa tunafunga mdomo," mwenzangu akasema. "Mashine ipone, mtu arudi kazini. Basi."

Niliona lina maana. Nilikubali, nadhani.

Jumamosi mashine ilifanya kazi kuliko ilivyotakiwa. Bibi wa bwana harusi aliomba blanketi. Mshehereshaji alivaa koti la mtu mwingine. Keki ilisimama wima kama askari mpaka mwisho, na mzee alipita mbele yake mara kadhaa ili watu waione.

Jumatatu asubuhi mzee alikusanya wafanyakazi uani. Nasi tuliitwa. Yule baba alisimama mbele, amevaa shati lililopigwa pasi, rungu mkononi. Mzee akasema vizuri, kwa sauti yake kubwa. Alisema alipokea ujumbe akauelewa vibaya, akamdhalilisha mtu mzima, na sasa anamtaka radhi. Watu wakapiga makofi. Angeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini mtu akianza kutubu huwa anaongeza.

"Nimemsingizia," akasema. "Huyu baba, katika jambo la mashine, hana kosa hata chembe."

Hiyo chembe ilinikaa kooni. Mzee alikuwa anajibebesha kosa lote, na lote halikuwa lake. Nilimwangalia mama katibu, ambaye wiki nzima watumishi walikuwa wakimcheka kwamba hajui kupokea ujumbe. Mkono wangu ukanyanyuka. Nilijaribu kuufanya kama najikuna, nikawa nimechelewa.

"Sema, fundi."

"Mzee, chembe ipo."

Mwenzangu alifunika macho.

Nikaeleza: taa, wadudu, gunia, kuku. Nilieleza pia kwamba baba hakujua, kwamba ameishusha taa mwenyewe, kwamba hata sisi mafundi asubuhi ile ya kwanza hatukuzunguka nyuma. Nilieleza kila upande mpaka nikaishiwa pande. Yule baba hakuniangalia. Nilijiona mjinga kamili, mtu aliyepandisha mzigo mlimani kwa siku nne na kuuachia kwa neno moja.

"Kuku wale wa nyuma ya jiko?" mzee akauliza.

"Wale wale, mzee," yule baba akajibu.

"Mayai yao yanakwenda wapi?"

Mpishi akakohoa. "Jikoni kwako, mzee. Huwa nayanunua kwake. Yale yenye kiini cha njano unayoyasifia."

Mzee aliwaza. Viatu vyake vikalia mara moja.

"Kwa hiyo nilipoambiwa mlinzi anazima mashine, ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli, mzee," nikasema.

"Na mama aliniletea ujumbe sawasawa."

"Neno kwa neno," mama akasema, na akavaa miwani yake.

"Na mimi nikamfukuza mlinzi hasa anayezima mashine."

"Ndiyo, mzee. Ila kwa bahati mbaya."

Hapo mzee akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni kikachelewa kufika mdomoni, na wafanyakazi wakangoja kifike ndipo nao wacheke. Akatoa hukumu. Radhi aliyoomba haitarudishwa, kwa kuwa imeshatoka. Baba atarudi getini leo hii. Taa itahamia ukuta wa mwisho kabisa, mbali na mashine, na gunia lake liifuate. Na kila Jumatatu yeye ndiye ataosha rejeta, mbele ya macho ya mama katibu.

"Mayai yasipungue," akamalizia.

Yalipungua kidogo, nasikia, maana kule ukutani hapakuwa na feni ya kuvuta. Lakini mashine haikuzima tena kwa sababu ile, na yule baba alikaa pale getini miaka mingi.

Karakanani mwenzangu alisema neno mlinzi lisitumike tena mbele ya wateja. Tukajaribu kusema moduli, ikatushinda, tukarudi kwenye kiboksi cheusi. Yule baba alikubali salamu yangu baada ya wiki kadhaa, naye alikuwa na haki ya kuchukua wiki zote hizo. Ila kila tulipofika pale na mkoba, alikuwa hafungui geti kwanza. Alikuwa anachungulia kwenye ufa, anatutazama mikononi kama tuna boksi.

"Nani?"

"Mafundi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Leo mmekuja kumbadilisha nani?"